Kumzungumzisha Baba Watoto

Jumatatu, tarehe 3 Machi

Baba watoto karudi nyumbani! Yuko chumbani, kitandani kwake, hai.

Sasa nikusalimie, daftari. Hujambo. Mimi sijambo, miguu tu. Nimekununua leo nikitoka hospitali kwa sababu mambo ni mengi na wanangu wamechoka kunisikiliza.

Siku kumi na tisa wodini. Kiharusi kilimkuta kazini, kainamia mizani ya muuza nyama. Baba watoto ni fundi mizani, na hakuna soko mjini hapa ambalo halijapita mkononi mwake. Sasa upande wa kulia umelala wote, mkono na mguu, na mdomo umekwenda kando. Maneno hayatoki. Macho yapo, tena yanaona kila kitu.

Daktari kaniita pembeni. Kasema presha isipande hata kidogo, maana kiharusi kikirudi katika wiki hizi hakitamwacha. Kasema ale akiwa ameketi, kijiko kidogo kidogo. Halafu kasema azungumzishwe, kwa kuwa maneno yake yamejificha, hayajafa. Mtu mmoja mmoja, taratibu, chumba kikiwa kimetulia.

Hilo la kuzungumzishwa nimelipenda. Nilikuwa mwenyekiti wa akina mama mtaani miaka tisa. Nilimwambia daktari aondoe shaka, kwangu maneno hayajawahi kupungua. Akanitazama kidogo, akasema hilo ndilo linalomtia wasiwasi. Daktari mcheshi sana.

Nina watoto wawili. Mkubwa, wa kiume, ni mshereheshaji wa harusi. Akishika kipaza sauti hata bibi harusi aliyekuwa analia anacheka. Nilimfundisha mwenyewe kusalimia watu kabla hajaota meno. Wa pili ni binti, miaka ishirini na tisa, na huyo hasemi. Mtaani wanamwita Kufuli. Anafanya kazi kwenye shamba la kuku, anapima mayai. Anakaa kwenye chumba cha giza, anashika yai mbele ya taa ndogo, lenye damu huku, lenye ufa kule, mpaka jioni. Watu wanasema anajidai. Mimi humtetea kwa kusema ana mafua.

Mpango ninao tayari. Nitaita watu. Sauti nyingi zikiingia masikioni mwake, mojawapo itagonga panapostahili.

Jumanne, tarehe 4 Machi

Wageni kumi na mmoja. Nimeanza vizuri.

Wa kwanza kufika alikuwa wifi yangu, dada yake baba watoto, na akakaa kitandani, siyo kwenye kiti. Akamsimulia kaka yake habari za ndoa tatu zilizovunjika. Akaja sebuleni ametanua mabega, kasema kaka yake amemkonyeza. Nikamuuliza jicho gani. Kasema la kushoto. Akaniuliza kwa upole wa kuudhi, kwani wewe hajakukonyeza?

Nikaingia nikamsimulia habari za ndoa nne. Hakukonyeza. Alifumba yote mawili.

Binti alikuja baada ya kazi. Akakaa kwenye kigoda, akamshika baba yake mkono wa kushoto, basi. Karibu saa nzima. Nilichungulia mara tatu. Wanatazamana kama watu waliosahau walichokuja kuulizana. Nikaona aibu kwa niaba yao, nikaingia kuwasaidia na stori ya jirani aliyeanguka kisimani akatoka na kiatu cha mtu mwingine. Binti akasubiri nimalize, akamfunga baba yake kile kitambaa cha kupimia presha, akaandika namba kwenye kipande cha trei la mayai. Nikamwambia nyumba hii ina karatasi. Kasema hiyo inatosha.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Wageni ishirini na watatu. Wengine sikuwajua. Mmoja alidhani ni nyumba ya fundi redio, lakini alimzungumzisha mgonjwa vizuri tu.

Leo Kufuli kafunguka, tena kwa jambo la ajabu. Alisimama mlangoni hajavua viatu, kama mtu aliyeyakariri maneno njiani. Kaomba kila jioni mlango wa chumba ufungwe kwa saa moja, asiingie mtu. Nikamuuliza waliokuja niwaweke wapi. Kasema sebuleni. Nikamwambia baba yako hajaiba, kwa nini afichwe?

Akasema jingine. Chakula kinabaki kwenye shavu la baba yake upande uliolala, hakishuki, na yeye humtolea kwa kidole kila akimaliza kula. Asilishwe haraka. Asilishwe akiwa amelala. Nikamjibu nimelea watoto wawili na wote wanatafuna.

Kumbe wifi alikuwa nyuma ya pazia akitafuta kikombe. Kasema huyo binti ana moyo baridi, tangu kaka yake aumwe hajamwambia hata pole, anamkodolea tu kama yai. Wageni wakacheka. Na mimi nikacheka. Halafu nikaona binti ameinama anafunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa.

Hilo limenichoma mpaka sasa. Nimepata dawa yake. Jumamosi nitaita watu wote kwa mkupuo. Kila mmoja atasimama amkumbushe baba watoto jambo moja la zamani. Mkubwa ataendesha. Mwishoni binti yangu atatoa neno la shukrani mbele ya wote, na wifi atameza ulimi. Hotuba nimemwandikia mwenyewe, ukurasa mmoja na nusu. Nimempa jioni hii. Kaisoma yote, kaikunja mara nne, kaniuliza kama ni lazima. Nikamwambia mwanangu, watu wakikusikia mara moja tu hawatakuita tena lile jina.

Kaitia hotuba mfukoni. Kasema sawa, Mama.

Jumamosi, tarehe 8 Machi

Naandika kwenye benchi la hospitali. Utanisamehe mwandiko.

Watu walifika arobaini na mmoja. Niliwahesabu mwenyewe na nilijisikia vizuri sana, daftari, siwezi kukudanganya. Walijaa chumbani, ukumbini, na wengine dirishani nje. Mkubwa aliweka spika juu ya kabati la nguo. Kasema mabibi na mabwana, mpigieni makofi mgonjwa wetu mtanashati. Makofi yakapigwa. Baba watoto akashtuka mwili mzima, upande ule unaoweza kushtuka.

Walisimama mmoja mmoja. Muuza nyama alikumbusha ile mizani. Mwingine alikumbusha ugomvi wa mwaka ambao hakuna anayeujua. Kila mtu alipiga kelele, kwani watu wakiona mtu hasemi hudhani pia hasikii.

Zamu ya binti ikafika. Alisimama na karatasi. Akafungua mdomo. Akamtazama baba yake, akaufunga. Mkubwa akatania kwenye kipaza sauti kwamba mitambo ina hitilafu. Wifi kasema ufunguo wa kufuli umepotea. Walicheka hata wa dirishani.

Sikuvumilia. Nikamnyang'anya karatasi nikasoma mimi.

Wakati nasoma, wifi alichukua kikombe cha uji akaanza kumlisha kaka yake, ili watu waone kwake anakula. Vijiko vikubwa, na kichwa kiko kwenye mto. Sikuona. Nilikuwa ukurasa wa pili, pale ninapojishukuru. Mkubwa hakuona, alikuwa anatafuta wimbo. Hakuna aliyeona. Watu arobaini na mmoja, na mimi.

Binti aliona. Hakupiga yowe. Aliwapita watu akiruka magoti yao, akamwinua baba yake akamketisha, akamwinamisha mbele, akatia kidole mdomoni akachota uji uliokuwa umejazana kule shavuni. Kumbe alikuwa amepaliwa. Midomo ilikuwa rangi ya jivu. Alichota, akamgonga mgongo, akachota tena. Na spika juu ya kabati inasema, wapendwa, makofi mengine.

Binti na muuza nyama walimbeba mpaka kwenye teksi. Mimi nilikimbia nyuma na hotuba mkononi.

Jumapili, tarehe 9 Machi

Uji umeingia mapafuni. Ana homa kali. Wamemtia mpira wa hewa puani na kifua kinapanda kama mtu anayebeba gunia ngazini. Daktari kasema siku tatu, ndipo tutajua kama anabaki au anaondoka. Kasema hivyohivyo, bila kupunguza.

Kauliza ilikuwaje. Tulikuwa sita kwenye ukumbi, na kwa mara ya kwanza tangu niolewe katika ukoo huu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kusema. Mwishowe wifi kasema kaka yake alikuwa anakohoa tangu juzi. Mkubwa kasema yeye alikuwa upande wa muziki. Mimi nikasema nilikuwa nasoma. Ilisikika vibaya zaidi kuliko nilivyotarajia.

Binti akatoa mfukoni kile kipande cha trei la mayai, akampa daktari.

Daktari alikisoma amesimama. Kikageuzwa, kikasomwa nyuma. Alikuwa ameandika presha ya baba yake kila siku, akifika na kabla hajaondoka, na pembeni idadi ya watu waliopita. Watu kumi na mmoja, presha juu. Watu ishirini na watatu, juu zaidi. Jioni, yeye akikaa naye peke yake, namba inashuka. Na mwisho wa kila mstari, mara ngapi kakohoa akimeza, na alikuwa ameketi au amelala.

Daktari akamwita mwenzake aje aone. Kisha kauliza nani kaandika. Nikasema ni mwanangu. Nikasema tena, mwanangu wa pili, yule pale. Sikutaja mafua.

Kaniambia mbele ya wote kwamba hao wageni wamemsukuma mume wangu mpaka ukingoni, na kwamba asingeketishwa pale pale jana, leo tungekuwa na mazungumzo ya aina nyingine. Wifi kanong'ona kwamba namba zinaweza kugongana tu kwa bahati. Nilitamani kukubaliana naye. Ni mara yangu ya kwanza kutamani hivyo.

Jumanne, tarehe 11 Machi

Homa imeshuka asubuhi. Bado mpira uko puani, lakini kafungua macho kanitambua. Najua kanitambua kwa sababu alikunja uso.

Sasa sikiliza hili. Binti amekuwa akizungumza na baba yake tangu Jumanne ile ya kwanza! Mimi nikichungulia mlangoni nikiona aibu, kumbe wako katikati ya maongezi.

Kanieleza leo kwenye benchi, maneno mengi kuliko ya mwezi mzima. Dole gumba la kushoto linabonyeza. Mara moja ni ndiyo, mara mbili ni hapana. Alimuuliza swali moja, akasubiri. Mara ya kwanza alisubiri muda wa kupima trei zima la mayai ndipo dole likasogea. Nikamuuliza kwa nini sisi wote hatukuliona. Kasema, mnauliza vizuri, Mama, ila hamsubiri. Mnauliza na kujibu wenyewe, halafu mnamshukuru kwa jibu.

Nikasema hakuniambia. Kasema aliniambia Jumatano, nikiwa kwenye simu nawaalika watu.

Tukaingia. Akauliza mbele yangu, mkono wake chini ya mkono wa baba yake, na wangu juu ili niusikie. Baba, unaumwa mahali? Mara mbili. Unataka wageni? Mara mbili, na ya pili ilikuwa nzito. Unataka Mama akae hapa?

Tukasubiri. Daftari, sijawahi kusubiri hivyo hata leba. Nesi alipita na toroli mara mbili. Nikaanza kujitetea moyoni, nikahesabu mema yangu yote kuanzia mwaka wa kuposwa.

Mara moja.

Nililia. Nilipomaliza nikamwambia binti amuulize kama anataka nimsimulie habari za mtaani, kwa sababu zimelundikana. Akauliza. Tukasubiri.

Mara mbili.

Basi nikakaa kimya. Binti alitoka akatuacha. Kwa saa ya ukutani nilikaa dakika kumi na moja. Za kwanza mdomo uliniwasha kama umepakwa pilipili. Halafu ikapita, nikaanza kusikia vitu. Nikasikia kifua chake, kinakwaruza kama karatasi inayokunjuliwa. Tumeoana miaka thelathini na minne, na sikuwahi kumsikia baba watoto akipumua, maana siku zote nilikuwa naongea. Dole lake likabonyeza kiganja changu, mara moja. Sikujua ananijibu nini. Sikuwa nimeuliza kitu.

Dakika ya kumi na mbili nikamwambia jinsi nilivyoguswa. Akafumba macho.

Alhamisi, tarehe 13 Machi

Wanamruhusu kesho. Daktari kasema mapafu ni dhaifu na moyo umechoka. Kishindo kingine kama kile cha Jumamosi, na yeye hatakuwa na la kufanya zaidi ya kutupa pole. Wiki tatu za utulivu. Mtu mmoja kwa siku.

Na binti yangu kaamua jambo bila kuniuliza. Hakuomba, kanijulisha. Amechukua likizo yake yote ya mwaka. Anampeleka baba yake kwake, kwenye chumba anachopanga nyuma ya shamba la kuku. Kaongea na daktari peke yake, wamekubaliana. Nikamuuliza watu watasemaje mume wangu akitoka hospitali na kwenda kuuguzwa chumba cha kupanga, na mimi mkewe nina nyumba ya vyumba vitatu. Kasema hajui watasemaje, kwa sababu hatakuwepo kuwasikia.

Halafu akanishika bega. Kasema, Mama, uje kila jioni. Wewe peke yako. Ukifika usibishe hodi, mlango utakuwa wazi.

Ninalia tena, lakini siyo kwa hasira yote. Nusu tu.

Wifi alipopata habari alinifuata hadi kwenye ukumbi wa hospitali. Kasema Kufuli kamfungia kaka yake, na ni mimi niliyelea kiumbe huyo. Nikamjibu safari hii. Nikamwambia kufuli hilo lilimtoa kaka yako mdomoni uji uliomjaza wewe. Nilisema kwa sauti ambayo wodi ya pili walitoka kuangalia. Kaondoka anajifuta macho kwa ncha ya mtandio. Nilidhani nitafurahi. Alikuwa na kaka huyo mmoja tu.

Ijumaa, tarehe 14 Machi

Nimepata jibu!

Baba watoto kahamishwa saa sita mchana. Nilimsindikiza mpaka mlangoni. Chumba ni kidogo na safi, kitanda kimoja, godoro moja chini, dirisha linaangalia uwanja mpana wa nyasi. Kimya mpaka unasikia kuku wanavyofikiri. Binti alimketisha, akampa maji kwa kijiko, akasubiri ameze ndipo akachota kingine. Presha, namba nzuri kuliko zote tangu augue. Alinionyesha. Nilijivuna mpaka kifua kikauma. Mwanangu. Nani mwingine mtaani ana mtoto anayeweza kufanya hivyo? Wenye watoto wasemaji wamejaa tele, hata mimi ninaye.

Na njiani kurudi ndipo likanijia. Kosa letu halikuwa watu. Lilikuwa kelele. Watu wakija wakakaa kimya, kuna ubaya gani? Ule uwanja unaingiza watu sitini bila kubanana. Wakae kwenye nyasi chini ya dirisha, wanyamaze wote kwa pamoja, baba watoto asikie jinsi anavyopendwa. Mimi peke yangu nilinyamaza dakika kumi na moja na dole likabonyeza. Sitini je? Anaweza akasimama.

Nimeshapanga. Mkubwa ataongoza ukimya. Spika ataitumia mwanzoni na mwishoni tu, na katikati kidogo, kuwakumbusha. Kajaribu kwenye simu, kasema mabibi na mabwana, tunyamaze kwa nguvu moja. Nilisisimka. Wifi nimempigia nikamwomba radhi, naye kaniomba. Analeta viti, na kaapa kutoshika kijiko. Muuza nyama anakuja na wenzake wa soko zima. Mimi nitasoma kurasa tano kuhusu binti yangu na faida ya kuwa mkimya, ili yeye asisumbuke kusema. Nitasimama karibu na dirisha, baba yake asipitwe hata na neno.

Binti sijamwambia. Najua alisema nije peke yangu, lakini watu sitini wenye nia moja ni kama mtu mmoja. Na mlango kasema utakuwa wazi.

Wote nimewaelekeza njia. Wakifika kwenye geti la shamba la kuku wapige honi, nitatoka kuwapokea. Jumapili, saa nne kamili asubuhi.